Mikono Iliyopaka Fila

Messerschmitt Me 262 ya kipimo cha 1:48 inaenea kwenye viganja viwili. Ndege yenyewe ilikuwa na zaidi ya mita 12 kutoka ncha ya bawa moja hadi lingine. Hii ya plastiki ina kama sentimita 26. Inakuja kwenye boksi, vipande vikiwa vimeshikana kwenye fremu. Wewe unavikata kwa kisu, unavisugua kwa msasa, unavigundisha kimoja kimoja. Mwenye haraka anamaliza wikendi moja. Anayetaka ifanane kabisa na ile halisi anakaa nayo miezi.

Watu hao wa miezi ndio wananivutia. Wanaanza na chumba cha rubani: mikanda ya kiti, saa ndogo kuliko punje ya mtama, rangi ya kijivu iliyokolea iitwayo RLM 66. Wakishafunga bodi, karibu yote hayo hayaonekani tena. Puani wanaficha vyuma vizito, maana bila hivyo ndege inakalia mkia kama mbwa. Halafu wanabishana kuhusu RLM 81, kama ilikuwa kahawia au kijani, mpaka chai inapoa. Neno lao kubwa ni usahihi.

Na ndege yenyewe si ya kupuuzwa. Tarehe 18 Julai 1942, huko Leipheim, rubani Fritz Wendel aliirusha kwa injini za jeti pekee, bila panga boi. Ilipoingia vitani mwaka 1944 ilikuwa ikikimbia karibu kilomita 870 kwa saa, na hakuna ndege ya kivita ya Marekani iliyokuwa ikiruka Ulaya ambayo ingeikamata kwa mbio. Lakini Ujerumani ilikuwa imeishiwa na madini ya kutengeneza chuma cha kuvumilia moto. Injini ya Jumo 004 mara nyingi ilidumu saa 10 hadi 25 tu, kisha inatolewa. Ndiyo maana fundi wa modeli anapaka sehemu ya nyuma ya injini rangi ya chuma kilichoungua.

Sasa twende kwenye mtindo mmoja wa rangi unaopendwa sana. Machi 1945, rubani wa majaribio Hans Fay aliitoroka kazi na Me 262 namba 111711, akaenda kutua kwa Wamarekani karibu na Frankfurt. Ndege hiyo ilikuwa haijapakwa rangi. Picha zake zinaonyesha chuma kitupu na mistari ya fila kwenye kila kiungo, fila kama ile ya fundi wa kunyoosha magari. Ilipakwa kuziba nyufa ili upepo upite vizuri. Kuiga mistari hiyo kwa brashi kwenye modeli si mchezo, maana hakuna mstari ulionyooka. Unaona kabisa ni kazi ya mkono.

Mkono wa nani basi?

Viwanda vya Messerschmitt vilipolipuliwa kwa mabomu, uzalishaji ukatawanywa, na sehemu kubwa ikapelekwa chini ya ardhi. Huko St. Georgen, Austria, wafungwa wa kambi ya Gusen II walianza mwaka 1944 kuchimba mahandaki yaliyopewa jina la siri Bergkristall. Humo ndani wakaunda mamia ya bodi za Me 262. Walikuwa Wapolandi, Wasovieti, Waitaliano, Wahispania, Wafaransa, Wayahudi kutoka Hungaria na kwingineko, wakisafirishwa kwa treni kutoka kambini kwenda kazini na kurudi. Katika kambi za Gusen kwa jumla, zaidi ya watu 35,000 walikufa kati ya 1940 na 1945. Karibu na Kahla, Ujerumani, maelfu ya vibarua wa kulazimishwa walitoboa kilima kizima kwa kazi hiyo hiyo, kwenye kiwanda kilichobeba herufi za jina la Göring.

Wapenzi wa modeli wanajua kubishana kuhusu historia. Wanabishana kuhusu swastika ya mkiani. Sheria ya Ujerumani inabana kuionyesha, kwa hivyo kampuni nyingi huiacha au huikata vipande viwili kwenye karatasi ya stika. Wengine wanalalamika kwamba bila hiyo modeli si sahihi. Sawa. Lakini kama usahihi ndio hoja, mbona uishie kwenye alama ya mwenye ndege na usimguse aliyeiunda?

Sisemi watu waache kuijenga. Naona hakuna msomaji wa ndege hii anayeikaribia zaidi ya mtu aliyekaa wiki tatu akifuata viungo vyake kwa brashi. Huyo anajua bodi ilikuwa na vipande vingapi. Anajua pale ambapo havikukutana vizuri.

Chini ya modeli nzuri huwa kuna kibao kidogo: jina la ndege, mwaka, kikosi, mara nyingi na rubani. Adolf Galland, aliyeongoza kikosi cha JV 44, ameandikwa kwenye vibao vingi. Nafasi ya mstari mmoja zaidi haikosekani. Uandikwe Gusen, na uandikwe Kahla, kwa herufi za ukubwa ule ule.