Ufufuo wa Miili na Historia ya Maziko ya Wakristo

Wakristo wanakiri kwamba mwili uliozikwa utafufuliwa siku ya mwisho. Kukiri huko ndiko kulikoongoza kwa karne nyingi namna walivyowatendea wafu wao: mahali pa kaburi, namna ya kulaza maiti, na chuki ya muda mrefu dhidi ya kuchoma miili.

Mizizi ya imani hii imo katika dini ya Kiyahudi. Sura ya 12 ya kitabu cha Danieli inazungumzia wafu watakaoamka, na sura ya 7 ya Wamakabayo wa Pili inasimulia ndugu saba walioteswa na mfalme Antioko, wakikubali kukatwa viungo kwa tumaini la kurudishiwa na Mungu. Enzi za Yesu, Mafarisayo waliukubali ufufuo na Masadukayo waliukataa. Paulo alikuwa Mfarisayo kabla ya kumfuata Kristo. Katika miaka ya 50 aliwaandikia Wakristo wa Korintho hoja ndefu kuhusu jambo hili, akitumia mfano wa mbegu: kinachopandwa na kinachoota ni kitu kimoja, ingawa sura hubadilika. Wasikilizaji Wagiriki waliona shida kubwa. Wengi wao walikuwa tayari kukubali kwamba roho haifi. Kurudi kwa mwili, ambao wafuasi wa Plato waliuhesabu kama kifungo cha roho, kulionekana upuuzi. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza kwamba huko Athens baadhi ya watu walimdhihaki Paulo alipoutaja ufufuo.

Katika karne ya kwanza Warumi wengi walichoma maiti na kuhifadhi majivu katika vyungu. Kuanzia karne ya pili desturi ya kuzika ilienea katika dola nzima, hata miongoni mwa wapagani, kwa hiyo si haki kuwapa Wakristo sifa yote ya badiliko hilo. Wao walizika tangu mwanzo, kwa kufuata desturi ya Wayahudi na mfano wa kaburi la Yesu. Nje ya kuta za Roma walichimba katakombe katika mwamba laini wa volkano: njia nyembamba chini ya ardhi, zenye matundu ya kulaza maiti yaliyopangwa ukutani moja juu ya jingine. Katakombe ya Kalisto, iliyoitwa kwa jina la shemasi aliyepewa kuisimamia mwanzoni mwa karne ya tatu na ambaye baadaye alikuwa Papa, ina njia zenye urefu wa kilomita zipatazo 20. Michoro ya kuta za katakombe hizo inaonyesha kilichowashughulisha wachimbaji na wafiwa: Yona akitapikwa na samaki, Danieli kati ya simba, Lazaro akitoka kaburini.

Wapinzani wao walielewa vizuri uzito wa imani hiyo. Mwaka 177, katika mateso ya mji wa Lyon, miili ya wafia imani ilichomwa na majivu yake yakatupwa katika mto Rhône. Mwanahistoria Eusebio, aliyehifadhi barua ya jumuiya hiyo, anaeleza kwamba watesaji walikusudia kuwaondolea Wakristo tumaini la kufufuka. Jibu la waandishi wa Kikristo lilikuwa thabiti. Tertullian wa Karthago aliandika kitabu kizima kutetea ufufuo wa mwili, na Minucius Felix alieleza kwamba Wakristo hawaogopi hasara yoyote kutokana na namna ya maziko, bali wanashika desturi iliyo ya kale na bora zaidi. Mungu aliyemuumba mtu kutoka mavumbini hashindwi na moto, maji wala meno ya mnyama.

Hoja hiyo ndiyo ufunguo wa historia yote iliyofuata. Kanisa halikufundisha kwamba Mungu anahitaji mifupa mizima, na hata hivyo liliendelea kudai maziko ya heshima. Aliyeeleza vizuri zaidi kwa nini ni Augustino wa Hippo. Karibu mwaka 421 Paulino, askofu wa Nola, alimuuliza kama kuna faida kuzikwa karibu na kaburi la mtakatifu. Augustino alijibu kwamba mahali penyewe hapamwokoi mtu. Sala za walio hai ndizo zinazomfaa marehemu, na kaburi linawakumbusha kumwombea. Mazishi aliyaona kuwa faraja kwa wafiwa na heshima kwa mwili ambao Roho Mtakatifu aliutumia kama chombo cha matendo mema. Hakuna aliyelipita jibu hilo kwa utulivu na kwa huruma.

Desturi, hata hivyo, iligeuka kuwa sheria kali. Karibu mwaka 785 mfalme Karolo Mkuu, akiwalazimisha Wasaksoni kuingia Ukristo, aliamuru adhabu ya kifo kwa atakayechoma maiti kwa namna ya kipagani. Wakubwa waliokufa mbali walikuwa na tatizo lao: miili yao ilikatwakatwa na kuchemshwa ili mifupa isafirishwe nyumbani, kama alivyofanyiwa mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa aliyefariki Tunis mwaka 1270. Papa Bonifasi wa Nane alipiga marufuku tendo hilo mwaka 1299.

Kulikuwa pia na swali la hali ya roho kabla ya ufufuo. Mwaka 1331 Papa Yohane wa 22 alihubiri kwamba watakatifu hawatamwona Mungu kikamilifu hadi hukumu ya mwisho. Mrithi wake, Benedikto wa 12, aliamua mwaka 1336 kwamba roho zilizotakata humwona mara moja. Katika karne ya 16 mwanamageuzi Calvin aliandika kupinga wazo kwamba roho hulala usingizi, wazo ambalo mwanamageuzi mwenzake Luther aliliegemea mara kwa mara.

Tanuru za kisasa zilifufua suala la moto. Mwaka 1873 Brunetti wa Padua alionyesha tanuru yake huko Vienna, na mwaka 1885 maiti ya kwanza ilichomwa Woking, Uingereza. Barani Ulaya baadhi ya watetezi wa tanuru walikuwa wapinzani wa wazi wa Kanisa, na mwaka 1886 Roma, makao ya Kanisa Katoliki, ilikataza kuchoma maiti. Sababu ilikuwa maana iliyobebwa na tendo hilo. Ilipoonekana kwamba wengi wanachagua moto kwa afya, gharama au uhaba wa ardhi, katazo liliondolewa mwaka 1963, isipokuwa kwa anayechagua moto ili kukana imani.

Afrika Mashariki historia ilikwenda njia nyingine. Miongoni mwa Wakikuyu na Wamaasai, wafu wengi waliachwa porini, na kaburi lilikuwa heshima ya wachache. Wamisionari na serikali ya kikoloni waliyafanya maziko kuwa ya wote, na katika vizazi vichache kaburi la nyumbani likawa jambo lisilogusika. Ndiyo maana Wakenya wengi walishtuka mwili wa Manasses Kuria, askofu mkuu mstaafu wa Kanisa la Anglikana, ulipochomwa mwaka 2005, kama wa mkewe miaka mitatu kabla. Kwa mafundisho ya kanisa lake hapakuwa na kosa; mshtuko ulitoka katika desturi.

Waorthodoksi bado wanakataa kuchoma maiti, na Ugiriki ilipata tanuru yake ya kwanza mwaka 2019 tu. Roma, kwa waraka wa mwaka 2016, ilipendelea kaburi na kuagiza kwamba majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe wala kugawanywa kati ya ndugu.