Jina Lililotoka Mtoni

Katika Kiswahili, herufi moja tu hutenganisha Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, awe Mwislamu, Mkristo au wa imani nyingine yoyote. Mhindu ni mfuasi wa dini ambayo wenyewe huiita Sanatana Dharma, yaani njia ya milele. Maneno hayo mawili, pamoja na jina la Bahari ya Hindi inayoingia katika bandari yetu ya Dar es Salaam, yana mzazi mmoja, naye ni mto.

Mto huo ni Sindhu, ambao huanzia katika nyanda za juu za Tibet na kumwaga maji yake baharini karibu na Karachi. Katika Kisanskriti, neno sindhu lina maana ya mto wowote mkubwa, na Rigveda inaitaja nchi ya mito saba, Sapta Sindhu. Waajemi, majirani wa upande wa magharibi, walitamka H mahali ambapo Kisanskriti kilikuwa na S, na Sindhu ikawa Hindu. Jina hilo limo katika maandishi ya mfalme Dario, yaliyochongwa takribani mwaka 500 K.K., kama jina la jimbo. Wagiriki wakaiacha H, ikapatikana India. Waarabu wakasema al-Hind, na kwa vinywa vya mabaharia jina likatua katika pwani yetu. Hapo mwanzo lilitaja mahali tu. Maana ya dini ilikuja karne nyingi baadaye.

Mkazi wa Kariakoo hatalistaajabia jambo hili. Baada ya Waingereza kuuteka mji huu mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi mahali lilipo soko leo. Ulimi wa wenyeji ukalainisha jina hilo la kigeni, likawa Kariakoo, nao wakalifanya lao. Ndivyo majina yanavyosafiri: mgeni hulitoa, mwenyeji hulipa maisha.

Mto haukutoa jina pekee. Mwaka 1921 na 1922, wachimbaji wakiongozwa na Daya Ram Sahni huko Harappa na R. D. Banerji huko Mohenjo-daro walianza kufukua miji iliyostawi kati ya miaka 2600 na 1900 K.K. Ustawi huo ulitokana na maji. Kila mwaka mafuriko yaliacha tope lenye rutuba, ngano na shayiri zikaota. Tope hilo hilo lilifinyangwa na kuchomwa kuwa matofali ya vipimo vinavyolingana kutoka mji hadi mji. Mashua zilibeba mizigo, na mawe ya mizani yalifuata kipimo kimoja kote. Huko Mohenjo-daro, nyumba nyingi zilikuwa na bafu, na maji machafu yaliondoka kwa mifereji iliyofunikwa kando ya njia. Maandishi ya watu hao hayajasomeka hadi leo, kwa hiyo jina walilojiita wenyewe limepotea. Ndiyo maana ustaarabu wao nao tunauita kwa jina la mto.

Kisha mvua za masika ya Asia zikapungua na baadhi ya mito ikafifia. Miji mikubwa ikaachwa polepole, watu wakasogea mashariki kuelekea bonde la Ganga na kusini kuelekea Gujarat, nchi ya asili ya familia nyingi za Wahindu wa Dar es Salaam. Katika zama hizo za ukame, mashamba ya Gujarat yalipokea mtama na uwele, nafaka zinazovumilia jua, ambazo asili yake ni Afrika. Mkate wa uwele unaoliwa hadi leo katika nyumba za Kigujarati ni ushahidi kwamba ujirani wetu ni mkongwe kuliko jahazi lolote tunalolikumbuka.

Tangu mwaka 1947, sehemu kubwa ya Sindhu imo ndani ya Pakistan. Hata hivyo, pujari anapotakasa maji ya ibada, huialika mito saba iingie katika chombo: Ganga, Yamuna, Sarasvati, Narmada, Godavari, Kaveri na Sindhu yenyewe. Katika mahekalu ya jiji hili, maji yaliyomo chomboni yametoka zaidi katika mto Ruvu, unaotiririka kutoka milima ya Uluguru. Maji yale yale hujaza birika la jirani Mwislamu na ndoo ya mama lishe. Mito ya kale huitwa kwa majina yake, nayo hukaribishwa katika maji ya Ruvu.

Mwenye jina la mto ana deni kwa mto anaoishi kando yake. Kwetu sisi wa katikati ya jiji, mto huo ni Msimbazi, unaopita Jangwani hatua chache kutoka Kariakoo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwahamisha wakazi wengi wa bonde lake, na kila msimu wa mvua taka huziba mitaro inayoelekea huko. Watu wa Mohenjo-daro walijua, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, kwamba mji hudumu kwa kutunza njia za maji yake. Hekalu linaposherehekea miaka yake, shukrani inayofaa ni kuutunza mtaro ulio mbele ya mlango wake, kwa faida ya wote walio chini ya mkondo.