Kipa aliyefundisha Zaire

Hapa Rusizi, Bukavu tunaiona ng'ambo, na wazee wetu bado wanabishana juu ya ile 9-0. Blagoje Vidinić, kipa wa Yugoslavia, alipata dhahabu ya Olimpiki Roma 1960. Akawa kocha: akaipeleka Moroko Kombe la Dunia 1970, kisha Zaire ikabeba naye Kombe la Afrika 1974, Ndaye Mulamba akifunga magoli 9. Mwaka huohuo, Ujerumani Magharibi, akakutana na Yugoslavia yake. Ilipofika 3-0 akamtoa kipa Kazadi. Eti ametuuza! Sisi hatuamini. Wachezaji walikuwa wamenyimwa pesa zao, moyo wa kucheza haukuwepo. Ndaye alipewa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake. Miaka ya baadaye aliishi Afrika Kusini, mkimbizi kama sisi.