Meli Zilizofika Mazinde

Mazinde haina bahari. Iko kwenye tambarare chini ya milima ya Usambara, na ndiko Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, alikoweka makao yake katika karne ya 19 ili awe karibu na misafara ya Pangani. Nguo, bunduki na baruti zilipanda kutoka pwani. Pembe za ndovu ziliteremka.

Huko pwani maneno nayo yalikuwa yakishushwa. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza safari za stima za barua kati ya Aden na Unguja. Kwa Waingereza wa siku zile, “mail” ilikuwa pia jina la chombo chenyewe kinacholeta barua. Waswahili wakalifanya meli. Leo Mwingereza haiti chombo hivyo, ila Mswahili huita meli hata ile ya mafuta isiyobeba bahasha hata moja.

Manowari inavutia zaidi. Ni “man-of-war”, jina ambalo Waingereza wamewaachia waandishi wa historia, wakati Kiswahili kinalisoma kwenye taarifa ya habari. Stima nayo imehama kabisa: nchini Kenya ni umeme.

Badala ya stima, wengine walisema merikebu ya moshi. Reli ya Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, jirani kabisa na Mazinde, watu wa bara nao walikuwa na gari la moshi. Katani ya Mazinde ikateremkia humo hadi Tanga, ikapakiwe melini.