Deliriamu: Mkanganyiko wa Ghafla wa Fahamu kwa Wagonjwa Wazee

Deliriamu ni hali ambayo fahamu ya mtu, na hasa uwezo wake wa kukaza fikra juu ya jambo moja, huvurugika katika muda wa saa au siku chache kwa sababu ya ugonjwa wa mwili, dawa au kuacha kileo ghafla. Hali hiyo hupanda na kushuka ndani ya siku moja, hivi kwamba mzee aliyemjibu daktari sawasawa asubuhi huweza kushindwa kumtambua binti yake jioni. Kasi hiyo ndiyo inayoitenga na dimensia, yaani upotevu wa kumbukumbu na akili unaojengeka kwa miezi na miaka, ingawa mwenye dimensia ndiye anayepatwa na deliriamu kwa urahisi zaidi.

Mjini Lubumbashi, katika mkoa wa zamani wa Katanga nchini Kongo, istilahi hii hukutana na lugha mbili kwa wakati mmoja, kwa kuwa faili la mgonjwa huandikwa kwa Kifaransa, ilhali mazungumzo ya kitandani mara nyingi huendeshwa kwa Kiswahili, lugha iliyokita mizizi Katanga pamoja na kambi za wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière. Kifaransa chenyewe kina mtego. Neno *délire* katika saikiatria ya Kifaransa humaanisha imani potofu isiyotikisika, kama ya mtu anayeshikilia kwamba jirani anamtilia sumu, na kile ambacho Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10, hukiita deliriamu kwa alama F05, waganga wa Kifaransa wamezoea kukiita *confusion*. Anayeandika *délire* katika faili la mzee mwenye nimonia anaweza, bila kukusudia, kumwelekeza kwenye wodi ya magonjwa ya akili mtu anayehitaji oksijeni.

Kwa upande wa Kiswahili, kitenzi cha kale kilicho karibu zaidi ni kuweweseka, ambacho husemwa juu ya mgonjwa wa homa kali anayetamka maneno yasiyo na mpangilio, na faida yake ni kwamba hakimtii mtu doa la kichaa. Kasoro yake ni kwamba huonyesha kelele peke yake. Wazee wengi wenye deliriamu hawapigi kelele hata kidogo: hulala mchana kutwa, hujibu kwa kuchelewa, huacha chakula kinywani bila kutafuna, na kila mtu wodini husema kwamba mzee amechoka. Aina hii ya kimya ndiyo inayopitwa zaidi. Kwa hiyo inafaa kuweweseka kubaki jina la dalili mojawapo, na hali yenyewe iitwe mkanganyiko wa ghafla wa fahamu, istilahi ndefu kidogo, lakini yenye kubeba neno *ghafla*, ambalo ndilo nusu ya utambuzi.

Kipimo kifupi kinachotumika katika nchi nyingi, 4AT, kilichobuniwa Scotland, kina sehemu nne: umacho wa mgonjwa, maswali manne kuhusu umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka uliopo, kisha kutaja miezi kinyumenyume, na mwisho kuuliza kama kumetokea badiliko la ghafla au la kupandashuka. Kikiletwa Lubumbashi bila kufikiriwa, kitamwonea mtu. Mzee aliyezaliwa zamani za ukoloni huenda hakuwahi kujua tarehe yake ya kuzaliwa, na akisema kwamba yuko Elisabethville, jina ambalo mji ulikuwa nalo hadi 1966, au kwamba mkoa ni Shaba, jina la zamani la Katanga, huenda anatumia tu majina ya ujana wake. Miezi nayo huko hutajwa ama kwa Kifaransa ama kwa nambari, na kurudi nyuma kutoka mwezi wa kumi na mbili ni kuhesabu tu, kazi nyepesi kuliko iliyokusudiwa. Kwa asiyesoma, zoezi la vyumba vya wagonjwa mahututi hufaa zaidi: mpimaji hutamka herufi polepole, na mgonjwa humbana mkono kila asikiapo A.

Sehemu ya nne ndiyo yenye uzito mahali hapa. Alama 4 zinatosha kuashiria deliriamu, na badiliko la ghafla peke yake hupewa alama 4, maana yake neno la ndugu anayemlinda mgonjwa usiku na mchana, ambaye mjini huitwa *garde-malade*, linaweza kufikisha kipimo kwenye kiwango hicho. Akisema, "Tangu jana baba si yeye," ametoa taarifa ya kitabibu, na ni makosa kuiacha nje ya faili kwa kuwa haikusemwa kwa Kifaransa.

Matibabu huanza kwa kutafuta chanzo: homa, malaria, maambukizi ya mkojo au ya mapafu, upungufu wa maji, mkojo uliozuilika, choo kigumu, maumivu, na sukari ya damu, ambayo kwinini huweza kuishusha. Dawa zote hukaguliwa upya, hasa diazepamu, ambayo wengi huikimbilia ili mzee atulie, ilhali huzidisha mkanganyiko, isipokuwa pale chanzo ni kuacha pombe au dawa za usingizi zenyewe. Kumfunga mikono kitandani humwongezea hofu na hatari ya kuumia. Haloperidoli kwa dozi ndogo hubakizwa kwa yule anayejihatarisha au kuhatarisha wengine.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 kwa wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi ulionyesha kwamba kuwapa maji, kuwatembeza, kuwalinda usingizi, na kuhakikisha wanavaa miwani na wanasikia vizuri kulipunguza waliopatwa na deliriamu kutoka asilimia 15.0 hadi 9.9, lakini hakukupunguza ukali wake kwa waliokwisha kupatwa. Kazi hizo nyingi, katika hospitali za Lubumbashi, tayari ziko mikononi mwa *garde-malade*. Kinachokosekana ni muuguzi kumweleza kwamba miwani iliyoachwa nyumbani iletwe, kwamba ndugu wasibadilishane kila saa, na kwamba mkanganyiko huweza kuendelea wiki kadhaa baada ya homa kuisha.