Jangili na Mrithi: Majina ya Watu Katika Habari za Jinai za Bonde la Ufa

Kutoka Ndabibi, magharibi ya Ziwa Naivasha, hadi Soysambu, kando ya Ziwa Elementaita, ni nchi ya mashamba makubwa yaliyoasisiwa na walowezi. Ni katika nchi hiyo, mwezi Mei 2006, Thomas Cholmondeley, mwana wa Lord Delamere wa tano, alipompiga risasi Robert Njoya, mwashi wa mawe, akafa. Njoya alikuwa na wenzake, mbwa na mnyama waliyemuua. Magazeti mengi ya Uingereza yalimwita jangili, yaani mwindaji haramu. Cholmondeley yalimwita mrithi.

Tuitazame sarufi ya jambo hili. Kiambishi -aji huunda jina la mtu mwenye mazoea ya tendo: msomaji, mlaji, mwindaji. “Aliyewinda” hutaja siku moja. “Mwindaji” hutaja maisha mazima. Kwa hiyo Njoya alipewa tabia, na mwenye bunduki akapewa ukoo. Kisha ikaja kauli ya kutendwa, “alipigwa risasi”, ambayo huruhusu mtendaji asitajwe kabisa.

Aprili 2005, katika shamba lilo hilo, Cholmondeley alikuwa amemuua Samson ole Sisina, askari wa wanyamapori aliyevaa nguo za kiraia akiwa kazini. Alieleza kwamba aliwadhania kuwa majambazi. Mwanasheria Mkuu aliifuta kesi hiyo. Katika kesi ya Njoya shtaka lilikuwa kuua kwa kukusudia. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikamfunga miezi minane.

Mchezo huu wa majina si mgeni. Mwaka 1923, karibu na Molo, mfanyakazi aitwaye Kitosh alipigwa na mwajiri wake kwa kosa la kumpanda farasi badala ya kumwongoza kwa miguu, akafa. Baraza la wazee wa mahakama huko Nakuru, Wazungu watupu, halikuona mauaji bali “kuumiza vibaya”. Ilidaiwa hata kwamba marehemu alitaka kufa mwenyewe! Karen Blixen alikieleza kisa hicho katika Out of Africa (1937).

Nasi tusijitoe. Waandishi wetu walimwita Cholmondeley “mlowezi”, neno litokanalo na kulowea, yaani kuhamia ugenini na kukaa. Naye alizaliwa mwaka 1968, miaka mitano baada ya Uhuru.