Magwiji wa Mieleka Tunawajua. Wa Ndondi Zetu Je?

Wasee, tuambiane ukweli. Uliza kijana yeyote hapa Gakoromone akutajie magwiji wa enzi ya dhahabu ya mieleka ya Marekani. Hatapumua hata: Hulk Hogan, Andre the Giant, Macho Man, Undertaker. Sasa muulize mabondia watatu wa Kenya wa miaka hiyo hiyo. Akijaribu sana atasema Wangila, halafu kimya.

Hiyo kitu huniuma, kwa sababu enzi hizo mbili zilienda bega kwa bega. WrestleMania ya kwanza ilifanyika 1985 ndani ya Madison Square Garden, New York. Na sisi tuna Madison Square Garden yetu Nakuru, ukumbi wa ndondi, lakini nani huitaja? Machi 1987 Hogan alimwinua Andre juu juu huko Pontiac, Michigan, na dunia ikapiga kelele. Agosti mwaka huo huo, Nairobi ikaandaa Michezo ya Afrika, na mabondia wetu, Hit Squad, walikuwa moto wa kuotea mbali. Tofauti ni kwamba mshindi wa Pontiac alijulikana kabla ya kengele. Wetu walipigwa ngumi za ukweli.

Kwa hivyo leo nachagua watatu waliokuwa na ushawishi zaidi katika enzi yetu, kuanzia 1968 hadi 1988. Miaka 20, medali 7 za Olimpiki. Sihesabu nani alibeba nini. Kipimo changu ni hiki: mtoe huyo mtu kwenye hadithi, kisha uone ni nini kinabomoka.

Nambari 3: Robert Wangila. Najua mtanirukia. Jamaa alienda Seoul 1988, akafika fainali ya uzani wa kilo 67, akamwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili. Mpaka leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imepata nje ya riadha. Pekee! Chris Sande naye akarudi na shaba ya kilo 75 kutoka Seoul hiyo hiyo.

Sasa tumia kipimo. Ukimtoa Wangila, kilele cha mlima kinapotea, na inauma. Lakini mlima wenyewe unabaki, kwa sababu yeye aliufikia wakati tayari umejengwa. Na baada yake hakuna Mkenya mwingine aliyeshinda medali ya ndondi kwenye Olimpiki. Si kosa lake hata kidogo. Aligeuka wa kulipwa, akapigana Marekani, na Julai 1994 akafariki Las Vegas kutokana na majeraha ya pigano. Alikuwa na miaka 26. Alitupa kila kitu alichokuwa nacho. Ni sisi hatukujenga chochote juu yake.

Nambari 2: Stephen Muchoki. Huyu wengi hamumjui na ndiyo maana naandika. Kijana wa kilo 48. Mwaka 1974 alifika fainali ya ubingwa wa dunia wa ridhaa Havana, nyumbani kwa Wacuba, akapigwa na Mcuba Jorge Hernández. Miaka miwili baadaye Hernández akachukua dhahabu ya Olimpiki kule Montreal. Muchoki hakuwepo. Kenya na nchi nyingi za Afrika ziligoma, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 tukagoma tena, safari hii Moscow, tukiwa upande wa Marekani. Rais Carter hata alimtuma Muhammad Ali, bondia mwenyewe, azunguke Afrika kuuza huo mgomo, na Nairobi alifika.

Fikiria uko kwenye ubora wako halafu mlango unafungwa mara mbili na watu wasiojua jina lako. Muchoki alifanya nini? Alienda Belgrade 1978 akarudi bingwa wa dunia. Kati ya Olimpiki ya 1972 na ya 1984 kuna pengo la miaka 12. Ukimtoa Muchoki, ni giza tupu pale katikati. Yeye ndiye aliyeushikilia moto mpaka Ibrahim Bilali, yule wa jina la utani Surf, akaleta shaba kutoka Los Angeles.

Nambari 1: Philip Waruinge. Hapa sibishani na mtu. Mexico 1968, kilo 57, akatoka na shaba, medali ya kwanza ya ndondi ya Kenya kwenye Olimpiki. Sikiza sasa: kombe la Val Barker, ambalo lilikuwa la bondia mwenye ufundi bora wa mashindano yote, alipewa yeye. Mtu wa shaba! Hata fainali hakuingia, lakini waamuzi waliangalia ngumi zake wakasema huyu ndiye.

Akarudi Munich 1972 akachukua fedha, na safari hii hakuwa peke yake: Samuel Mbugua na Dick Murunga wakaondoka na shaba. Baadaye akahamia Japani kupigana kulipwa. Mtoe Waruinge na yote yanaanguka. Hakuna wa kuonyesha kwamba mtoto wa huku anaweza kuwa fundi kuliko wa Urusi au Amerika.

Kwa nini tunamjua Hogan kuliko Waruinge? Kwa sababu Hogan alikuwa na kamera, na watu wanaolipwa kusimulia hadithi yake kila wiki. Waruinge alikuwa na ngumi tu. Ushawishi hauishi kwa ngumi peke yake. Mtoto hawezi kumwiga mtu ambaye hajawahi kusikia jina lake, na ngazi isiyopandwa huoza. Tangu 1988 tunaiangalia tu ikioza.

Kama una watatu tofauti, walete. Lakini tumia kipimo changu: mtoe, kisha uniambie ni nini kimebomoka.